"Faili Linatumika": Jibu Lisilomtosha Mgonjwa

Kuna sentensi fupi ambayo si ngeni tena katika vituo vya kutolea huduma za afya vya uwanda wa kati wa nchi yetu, kuanzia Mpwapwa na Kongwa hadi Bahi, Manyoni na Singida. Mgonjwa amefika dirishani, ametaja jina na namba yake, na mhudumu ameitazama kompyuta kwa kitambo kisha akasema: "Subiri kwanza, faili linatumika." Baada ya nusu saa jibu ni lile lile. Jua likipanda zaidi, mgonjwa huambiwa arudi kesho. Kama ametoka Mvumi au Kibaigwa, kesho hiyo ina nauli yake, na ina kibarua au shamba lililoachwa kwa siku ya pili.

Makala haya yanatetea hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mara nyingi sentensi hiyo si ya kweli: faili linaonekana kuwa linatumika, lakini hakuna anayelitumia. Ya pili, ambayo kwetu sisi ni nzito zaidi, ni kwamba hata inapokuwa ya kweli haitoshi kuwa sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani. Tumeacha jambo hili mikononi mwa mafundi wa kompyuta kana kwamba halituhusu. Linatuhusu, kwa kuwa kinachofungwa si faili tu. Kinachofungwa ni historia ya mgonjwa, dozi yake na tarehe yake ya kurudi kliniki.

Kufuli lina kazi yake

Watumishi waliofanya kazi masjala kabla ya ujio wa kompyuta wanaikumbuka desturi moja. Jalada la mgonjwa lilipotolewa rafuni kupelekwa wodini au kliniki, mahali pake paliachwa kadi yenye jina la aliyelichukua na tarehe. Aliyekuja kulitafuta aliikuta kadi, akajua jalada limekwenda wapi na amfuate nani. Kadi ile haikuwa kikwazo, bali ilikuwa mwongozo.

Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Mtu anapofungua jedwali la Microsoft Excel au waraka wa Word uliohifadhiwa katika folda ya pamoja, programu huandika kando yake faili dogo lililofichwa, ambalo jina lake huanza kwa alama ya wimbi ikifuatwa na alama ya dola. Ndani ya faili hilo dogo mna jina la aliyelifungua lile kubwa. LibreOffice nayo huweka faili dogo la namna hiyo, na programu ya Access huweka lake. Mtu akimaliza kazi na kufunga programu kwa utaratibu, faili dogo hufutwa lenyewe. Zaidi ya hayo, mfumo wa kompyuta wenyewe huweka kumbukumbu ya kila faili lililofunguliwa na programu iliyolifungua, na seva inayohifadhi mafaili ya pamoja huweka kumbukumbu yake pia.

Sababu ya yote hayo ni ile waliyoijua wafugaji wa Ugogo kabla ya kompyuta kuwapo: mafahali wawili hawakai zizi moja. Tuchukue mfano wa jedwali la dawa. Saa 2 asubuhi watumishi wawili wanalifungua kwa pamoja, mmoja akiwa stoo na mwingine akiwa dirisha la dawa. Wa stoo anaandika kwamba makopo 3 yamepokelewa, kisha anahifadhi. Wa dirishani, ambaye kwenye kioo chake makopo hayo hayapo, anaandika kwamba vidonge 200 vimetolewa, naye anahifadhi juu ya kazi ya mwenzake. Makopo 3 yametoweka katika kumbukumbu bila mwizi na bila onyo. Kufuli lipo ili kuzuia hasara ya namna hiyo, na kwa hiyo mtu anayelichukia kufuli hajaielewa kazi yake.

Kufuli linapobaki bila mwenyewe

Tatizo huanza pale jalada linaporudishwa rafuni lakini kadi ikabaki mahali pake. Katika kompyuta hali hiyo ina vyanzo vichache vinavyojulikana vizuri, na mtumishi asiye fundi anaweza kuvielewa vyote.

Chanzo cha kwanza ni kukatika kwa umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika papo hapo. Programu haikupata nafasi ya kulifuta faili dogo, kwa hiyo umeme ukirudi kadi bado ipo. Pengine ujumbe utamtaja mtumishi yule yule anayejaribu kulifungua: anaambiwa kwamba faili linatumiwa na yeye mwenyewe. Watu hulicheka jambo hilo, lakini ni dalili nzuri sana, kwa sababu inaonyesha kwamba mwenye kufuli yupo pale pale na hakuna kazi ya mtu mwingine itakayopotea.

Chanzo cha pili ni mtandao na kompyuta za mkononi. Mtumishi amefungua faili la pamoja, akafunika kompyuta yake bila kulifunga, akaiweka mkobani na kwenda semina Morogoro. Kompyuta imelala, lakini seva haijui kama mwenzake amelala au ameondoka. Huendelea kwa muda kumhesabu kuwa yupo kazini. Mtandao ukikatika ghafla, hali huwa ni hiyo hiyo.

Chanzo cha tatu ni programu isiyoonekana. Dirisha la Excel limefungwa, lakini programu yenyewe imekwama na inaendelea kuishi nyuma ya pazia huku imelishika faili. Wakati mwingine anayelishika si mtu wala Excel. Anaweza kuwa kinga ya virusi inayokagua folda, au programu ya kunakili akiba, au hata kile kidirisha cha pembeni katika Windows kinachoonyesha yaliyomo ndani ya faili kabla halijafunguliwa. Mtu amelibofya mara moja tu ili alichungulie, naye tayari amelishika. Windows ni kali katika jambo hili, na aghalabu hukataa kufuta au kubadili jina la faili ambalo programu yoyote imelifungua.

Tuongeze jambo moja kuhusu jina linaloonekana katika ujumbe. Jina hilo hutoka katika mipangilio ya programu, na si lazima liwe jina la aliyeketi mbele ya kompyuta. Kama programu iliwekwa na fundi akaandika jina lake, basi jina la fundi ndilo litakaloonekana miaka yote, hata kama alikwisha kuhama mkoa. Na kama kompyuta tano zote ziliandikwa jina moja la jumla, ujumbe hautamsaidia mtu yeyote. Kadi imeachwa rafuni, lakini imeandikwa "mtumishi".

Nakala mbili, mgonjwa mmoja

Mtumishi mwenye foleni ndefu hana subira ya kuchunguza haya yote, na hatumlaumu kwa foleni. Tunachokilaumu ni njia ya mkato ambayo imezoeleka. Kompyuta inapokataa, yeye hufungua faili kwa kusoma tu, huandika anachotaka, kisha hulihifadhi kwa jina jingine: "orodha mpya", kesho yake "orodha mpya 2", na mwisho wa mwezi "orodha mpya ya mwisho kabisa". Kazi imekwenda na foleni imepungua. Lakini kuanzia siku ile kituo kina kumbukumbu mbili za wagonjwa wale wale, na hakuna hata moja iliyo kamili.

Fikiria kliniki ya kisukari inayoweka orodha ya wagonjwa wake katika jedwali la pamoja. Jumatatu daktari anapata majibu ya maabara yanayoonyesha kwamba figo za mgonjwa mmoja zimedhoofu sana, anasitisha metformin na kuagiza tiba nyingine. Siku hiyo faili "linatumika", kwa hiyo karani anaiandika taarifa hiyo katika nakala. Mwezi unaofuata mgonjwa anarudi, na anahudumiwa na mtumishi mwingine ambaye analifungua faili la asili. Humo metformin bado ipo. Hakuna aliyekosea kusoma wala kuandika. Kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa kioo kilichokuwa mbele yake, na mgonjwa amepewa dawa aliyokatazwa.

Mfano huu tumeutunga, lakini kila hatua yake inawezekana katika ofisi yoyote yenye folda ya pamoja. Mtu anaweza kuuhamishia kwenye orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu wanaopaswa kufuatiliwa nyumbani, au kwenye orodha ya watoto waliokosa chanjo. Jina likibaki katika nakala isiyofunguliwa tena, mtoto huyo hatatafutwa na mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliishi zama za daftari moja na hawakuona kwamba madaftari mawili yasiyopatana hupoteza mali vile vile, tena kwa namna iliyo mbaya zaidi, kwa kuwa kila mmoja anaamini kwamba analo daftari.

Hatua za kufuata

Tunapendekeza utaratibu ambao kituo chochote kinaweza kuuandika katika karatasi moja na kuubandika karibu na kompyuta. Hauhitaji vifaa vipya. Unahitaji mpangilio, kuanzia hatua isiyo na madhara hadi ile yenye madhara zaidi.

Kwanza, mhudumie mgonjwa aliye mbele yako. Mara nyingi kufuli huzuia kuandika, si kusoma. Excel na Word hutoa nafasi ya kulifungua faili kwa kusoma tu, na Excel inaweza kukuarifu pindi litakapokuwa huru. Kwa hiyo historia ya mgonjwa inaonekana, na dozi yake ya mwisho inaonekana. Kitu kipya kinachotakiwa kuandikwa kiandikwe katika rejesta ya karatasi pamoja na saa, kisha kihamishiwe katika faili la asili siku hiyo hiyo. Kisihifadhiwe katika nakala.

Pili, usome ujumbe wote kabla ya kuufunga. Liandike jina lililotajwa na saa uliyouona. Hii ndiyo kadi iliyoachwa rafuni, na anayeitupa kabla ya kuisoma amejinyima msaada wa kwanza.

Tatu, anza na kompyuta yako. Funga madirisha yote ya programu husika, kisha ufungue Task Manager na utazame kama programu hiyo bado imo katika orodha. Kama imo ilhali huna dirisha lake lolote, imekwama na unaweza kuisimamisha. Kabla ya kufanya hivyo jiridhishe kwamba huna kazi ambayo hujaihifadhi, kwa kuwa kuisimamisha programu ni kuipoteza kazi hiyo. Kifunge pia kile kidirisha cha kuchungulia cha pembeni. Anayetaka kujua kwa uhakika zaidi anaweza kutumia Resource Monitor, iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Humo mna kisanduku cha kutafutia: andika sehemu ya jina la faili, nayo itakuonyesha ni programu gani ya kompyuta hiyo iliyolishika.

Nne, uliza watu. Hatua hii hurukwa kuliko zote, pengine kwa sababu ni nyepesi mno. Pita stoo, maabara na ofisi ya takwimu, na umpigie simu mwenzako aliyesafiri. Kompyuta iliyolala iamshwe, na faili lifungwe na yule aliyelifungua, kwa kuwa ni yeye pekee anayejua kama ana mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika jambo hili asiyeuliza anaweza kuifuta kazi ya nusu siku ya mwenzake.

Tano, kama kila mtu amethibitisha kwamba halitumii, suala liende kwa afisa TEHAMA au mtu aliyepewa dhamana ya seva. Katika seva ya Windows, sehemu iitwayo Computer Management ina orodha ya mafaili yote ya pamoja yaliyofunguliwa, ikiwa na jina la akaunti iliyofungua kila moja. Humo anaweza kulifunga faili hilo moja bila kuwasumbua wengine. Kuzima seva nzima kwa ajili ya faili moja ni sawa na kuwatoa wagonjwa wote wodini kwa sababu kitanda kimoja kimevunjika.

Sita, kama seva inaonyesha kwamba hakuna aliyelifungua na bado programu inakataa, basi limebaki lile faili dogo lililofichwa. Hapo, na hapo tu, linaweza kufutwa, baada ya kunakili faili kubwa katika folda ya akiba. Wako wanaoanza na hatua hii kwa sababu waliiona ikifanya kazi siku moja. Ilifanya kazi siku ambayo hapakuwa na mtu ndani. Siku atakapokuwapo, watakuwa wamewafungulia mafahali wawili zizi moja.

Saba, tukio liandikwe katika kitabu kidogo: tarehe, faili, chanzo, aliyelitatua. Baada ya miezi michache kitabu hicho kitasema jambo ambalo hakuna fundi angelijua kwa siku moja. Kikionyesha kwamba makufuli hubaki kila umeme unapokatika, dawa yake ni betri. Kikionyesha kwamba hubaki kila Ijumaa, basi kuna mtu anayeondoka bila kufunga kazi yake.

Suala la uongozi

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa na kuwaachia watumishi wa mapokezi mzigo wote. Lakini sehemu kubwa ya tatizo hili haiko mikononi mwao, iko mezani kwa Mganga Mfawidhi, kwa timu za usimamizi wa afya za halmashauri na kwa wale wanaopanga bajeti.

Tuanze na akaunti ya pamoja. Katika ofisi nyingi kompyuta hufunguliwa asubuhi kwa jina moja na nywila moja, ambayo kila mtu anaijua na pengine imebandikwa ukutani. Inaonekana kuwa ni wepesi wa kazi. Matokeo yake ni kwamba kufuli linapobaki, seva haiwezi kusema ni nani aliyeliacha, kwa kuwa wote ni mtu mmoja. Akaunti ya kila mtumishi si anasa ya hospitali kubwa. Ni kuandika jina halisi katika kadi ya rafuni. Tena ni suala la sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde, na taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Kituo kisichoweza kusema ni nani aliyefungua faili la mgonjwa jana kitapata taabu kudai kwamba kinalilinda. Na zile nakala za "orodha mpya", zilizosambaa katika kompyuta za mkononi na vihifadhi vidogo vya mfukoni, ni majina na magonjwa ya watu yaliyotoka nje ya ulinzi wowote.

Jambo la pili ni umeme. Kompyuta inayoshika kumbukumbu za wagonjwa bila betri ya akiba ni sawa na jokofu la chanjo lisilo na kipimajoto: litafanya kazi mpaka siku litakapoharibu kila kitu kimya kimya. Betri yenye uwezo wa dakika kumi hadi kumi na tano inatosha, kwa kuwa kinachotakiwa si kuendelea na kazi gizani, bali kuhifadhi, kufunga na kuzima kwa utaratibu.

La tatu ni mtu wa dhamana. Kila kituo kina anayeshika funguo za stoo ya dawa, na zikipotea anajulikana wa kuulizwa. Folda ya pamoja nayo inahitaji mwenyewe: mtu anayejua faili lipi ndilo la asili, anayekagua kila jioni kama limefungwa, na anayeziondoa nakala zisizo na kazi baada ya kuzilinganisha. Zahanati isiyo na afisa TEHAMA inaweza kumpa dhamana hiyo karani au muuguzi aliyefundishwa kwa siku moja.

"Mifumo mipya italimaliza"

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati. Serikali ina mfumo wa GoTHOMIS, ulioandaliwa chini ya OR-TAMISEMI kwa ajili ya vituo vya halmashauri. Taarifa za kila mwezi za MTUHA huingizwa katika DHIS2, mfumo uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na nchi nyingi. Mifumo ya aina hiyo huweka taarifa katika hifadhidata, ambamo kufuli hushika mstari mmoja kwa muda mfupi mno badala ya kulishika daftari zima, na watumishi kumi wanaweza kuwaandika wagonjwa kumi kwa wakati mmoja.

Hoja hiyo ina uzito, na tunaiunga mkono kwa upande mmoja: orodha ya wagonjwa inayohaririwa na watu wengi haikupaswa kuwa katika jedwali la Excel tangu mwanzo. Kila kituo kinachoweza kuihamishia katika mfumo rasmi na kifanye hivyo. Lakini mfumo rasmi hauondoi jedwali la pembeni. Mfumo ukiwa mzito au mtandao ukiwa chini, watumishi hurudi kwenye jedwali lao. Ratiba za zamu, hesabu za stoo, orodha za ufuatiliaji na rasimu za taarifa huishi humo. Na hata ndani ya hifadhidata kufuli linaweza kubaki: mtumishi ameufungua ukurasa wa mgonjwa, akaenda chai, na mfumo uliopangwa kuzuia wahariri wawili ukamkatalia mwenzake. Programu inaweza kubadilika, lakini tabia ya kuondoka bila kufunga hubaki ile ile. Kituo kisichojifunza nidhamu ya kadi na rafu kitahamia katika mfumo mpya pamoja na maradhi yake.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani pia na wale wanaoona kwamba vitabu vya MTUHA vimekwisha kazi. Rejesta ya wagonjwa wa nje na ile ya wodi ya wazazi hazifungwi na seva. Siku kompyuta inapokataa, kitabu ndicho kinachomwezesha mhudumu kumwambia mgonjwa "karibu" badala ya "rudi kesho". Sharti lake ni moja tu: kilichoandikwa kitabuni kihamishwe siku ile ile, na anayekihamisha aweke saini.

Neno kwa mgonjwa

Ndugu msomaji uliye upande wa pili wa dirisha, huna haja ya kuijua Task Manager. Lakini unayo haki ya kuuliza, na kuuliza kwa heshima si ugomvi. Ukiambiwa kwamba faili lako linatumika, unaweza kusema: "Naomba basi mlifungue kwa kusoma tu, na haya ya leo yaandikwe kitabuni." Mtumishi anayejua kazi yake hatakasirika, na huenda akakushukuru.

Itunze kadi yako ya kliniki. Hakikisha kwamba kila unapohudhuria, dawa uliyoandikiwa na tarehe ya kurudi vimeandikwa humo. Dawa ikibadilishwa, uliza imebadilishwa kwa sababu gani na ukumbuke jibu, kisha ulitaje katika ziara ijayo hata kama hukuulizwa. Yule mgonjwa wa mfano wetu angeokolewa na sentensi moja: "Daktari, hii niliambiwa niiache kwa sababu ya figo." Kumbukumbu iliyo kichwani mwako na katika kadi yako haifungwi na kompyuta ya mtu mwingine.

Nanyi watumishi wenzetu, tunajua mnavyofanya kazi: mtu mmoja mahali pa watatu, foleni mpaka nje ya veranda, na mashine ambayo hamkuichagua. Hatuwaombi muwe mafundi. Tunawaomba msikubali neno la mashine kabla ya kuliuliza swali. Homa hatuitibu kabla ya kutafuta chanzo chake, wala hatumwambii mgonjwa arudi kesho kwa kuwa kipimajoto kimesoma juu. Ujumbe wa "faili linatumika" nao ni dalili. Una chanzo, na chanzo hicho mara nyingi kimo ndani ya jengo lile lile, katika kompyuta iliyoachwa wazi hatua ishirini kutoka dirisha la mapokezi.